Kitanzi cha find na sed kimeniachia faili linaloitwa "ya"

mtunza_stakabadhi (Tabora)

Ndugu zangu, ninatunza kumbukumbu za kikundi cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Kila kituo cha kupokelea asali, kuanzia Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui hadi vile vya hapa mjini, kina folda yake, na ndani ya kila folda mna mafaili ya maandishi matupu yaliyochapwa na makarani mbalimbali kwa miaka kadhaa. Majina yake ni ya namna ya "Mizani ya Machi.txt" na "Mizani ya Juni.txt", isipokuwa machache yasiyo na nafasi, kama "nta2019.txt". Mstari wa kawaida ndani yake unasomeka hivi:

    Asali kilo 18 x sh. 7,000 = 126,000/=

Mnunuzi wetu mpya wa Dar es Salaam anataka kila kiasi cha fedha kitanguliwe na TZS, kwa kuwa programu yake ya hesabu haiitambui "sh." wala ule mkwaju wetu na alama ya sawasawa. Mafaili yanazidi elfu moja, na kuyafungua moja baada ya jingine ni kazi ya kumaliza masika na kiangazi. Nikasimama kwenye folda kuu, nikaandika skripti hii:

    for f in $(find . -name *.txt); do
        sed 's/sh./TZS/g' $f > $f
    done

Ilimaliza upesi bila kulalamika hata neno moja, nami nikafurahi mpaka nilipofungua folda. Mafaili yenye nafasi katika majina hayakuguswa kabisa, na "sh." zake zote zimo. Faili la nta2019.txt na wenzake wasio na nafasi yamebaki na baiti sifuri. Kisha katika folda kuu, ambamo hamkuwa na faili lolote, sasa mna mafaili matupu yanayoitwa Aprili.txt, Juni.txt, Machi.txt, na jingine ambalo jina lake ni "ya" tu. Ndani ya kila folda ya kituo limezaliwa faili tupu linaloitwa "Mizani". Kwa kweli nilidhani ni virusi.

Nikaiendesha skripti mara ya pili ili nione kosa liko wapi, na safari hii find ikakataa katakata:

    find: paths must precede expression: `Juni.txt'

Ni amri ile ile, kwenye kompyuta ile ile, dakika kumi baadaye.

Yale yaliyomwagika nimeyarejesha kutoka kwenye flashi, namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na nakala ya wiki iliyopita. Baadaye nikajaribu sed -i kwa faili moja lisilo na nafasi. Bei zilibadilika kama nilivyotaka, lakini "mashamba" yamekuwa "maTZSmba", "ushirika" umekuwa "uTZSrika", na "usafirishaji" umekuwa "usafiriTZSji". Karani mwenzangu aliponiona nacheka peke yangu alidhani tumelipwa.

Naomba kuelezwa mambo mawili. La kwanza, ni namna gani iliyo salama ya kuyapitia mafaili yote yaliyopatikana na find bila kujali majina yake yakoje. La pili, ni nini hasa kilichotokea, kwa sababu sitaki kunakili amri nyingine nisiyoielewa.

fundi_wa_Mwanga (Kigoma)

Ndugu yangu wa Tabora, pole kwa mafaili na hongera kwa flashi. Skripti yako ina mistari mitatu tu, lakini alama zake zinapita katika mikono mitatu: sheli (si ile ya mafuta, bali programu inayosoma amri unazoandika), find inayotafuta mafaili, na sed inayobadilisha maandishi. Kila mmoja anasoma kwa namna yake, na makosa yako karibu yote yametokana na kuacha alama uliyomwandikia mmoja isomwe kwanza na mwingine. Kwa hiyo nitaifuata kila alama na kuuliza ni nani aliyeitangulia kuisoma.

Nianze na nafasi. Unapoandika $(find ...), sheli huingoja find imalize, huyachukua maandishi yote iliyotoa kama uzi mmoja mrefu, kisha huukata uzi huo kila inapokuta nafasi, tabo au mwisho wa mstari. Find ilitaja faili moja, ./Sikonge/Mizani ya Machi.txt, lakini kitanzi kilikabidhiwa vipande vitatu: ./Sikonge/Mizani, halafu ya, halafu Machi.txt. Kitanzi kikazunguka mara tatu kwa faili moja, na katika mizunguko yote mitatu faili lenyewe halikutajwa. Ndiyo maana halikuguswa.

Sasa mshale, ambao ndio uliolizaa faili la "ya". Alama ya > haiihusu sed hata kidogo. Ni agizo kwa sheli, nayo hulitekeleza kabla ya kuiita sed: hulifungua faili lililotajwa, na likiwa halipo huliunda, likiwa lipo huyamwaga yaliyomo. Baada ya hapo ndipo sed huamshwa. Kwa kipande cha "ya", sheli iliunda faili tupu lenye jina hilo, sed ikaja ikalisoma, ikakuta halina kitu, ikaenda zake kwa amani. Laiti usingeweka mshale, sed ingekulalamikia kwamba hakuna faili linaloitwa "ya", nawe ungesimama hapo hapo. Kwa nta2019.txt, jina halikukatika, kwa hiyo lilifika zima mbele ya mshale, na sheli ikalimwaga kabla sed haijasoma herufi ya kwanza. Ukiangalia vizuri, mafaili yako yenye nafasi yaliokolewa na kosa la kwanza yasifikiwe na kosa la pili.

Kinyota nacho kina kisa chake. Uliandika -name *.txt bila alama za mtajo, na kinyota kisichofungwa husomwa kwanza na sheli, ambayo hukibadilisha kwa majina ya mafaili yaliyomo katika folda uliyosimama. Mara ya kwanza folda kuu haikuwa na faili lolote la .txt, basi sheli ikakosa la kuweka, ikakiacha kinyota kipite kilivyo mpaka kwa find. Mara ya pili takataka za mzunguko wa kwanza zilikuwa zimekwisha kulala pale, hivyo find ikapokea hivi:

    find . -name Aprili.txt Juni.txt Machi.txt

Ilijua la kufanya na Aprili.txt, lakini Juni.txt ikaiona ni njia ya folda iliyokosea mlango. Jambo la kuogofya zaidi ni kwamba kama kungekuwa na faili moja tu pale, tuseme Machi.txt, find isingelalamika: ingetafuta mafaili yenye jina hilo moja tu na kuyaacha mengine yote, nawe ungedhani kazi imekamilika.

Mwisho ni nukta. Hii sheli iliiacha, ikafika kwa sed, ila sed haisomi nukta kama sisi. Kwake nukta ni "herufi yoyote ile". Kwa hiyo "sh." ni s, h na herufi yoyote inayofuata, na katika Kiswahili "sh" imejaa kila shamba. Ukiiwekea mkwaju wa nyuma mbele yake, \., inarudi kuwa nukta ya kawaida. Lugha yetu inatusaidia kidogo hapa, maana maneno ya Kiswahili huishia na irabu na ni nadra neno kuishia "sh" kisha nukta ikafuata. Lakini karani aliyeandika "Tsh. 500" atakupa "TTZS 500", kwa hiyo ongeza \b mwanzoni, alama ambayo sed ya GNU (ile ya Linux) huielewa kuwa ni ukingo wa neno.

Amri yenyewe basi ni hii, na haina kitanzi:

    find . -type f -name '*.txt' -exec sed -i.bak 's/\bsh\. */TZS /g' {} +

Find inaita sed yenyewe na kuikabidhi majina moja kwa moja, bila sheli kuyaona njiani, kwa hiyo hakuna wa kuyakata. Alama ya kujumlisha mwishoni inamaanisha majina mengi yakabidhiwe kwa pamoja; ukiandika \; badala yake, sed itaitwa upya kwa kila faili, jambo ambalo si kosa lakini ni la polepole. Sehemu ya -i.bak inaiambia sed iandike juu ya faili lenyewe na kuacha la zamani pembeni likiwa na mkia wa .bak. Sed iliandikwa na Lee McMahon katika maabara ya Bell Labs mnamo 1973 na 1974 kama programu ya kupitisha maandishi mstari kwa mstari na kuyatoa upande wa pili. Kuandika juu ya faili ni nyongeza ya baadaye, na mpaka leo -i haimo katika viwango vya POSIX, vile vya pamoja vya mifumo ya jamii ya Unix. Ndiyo maana kwenye macOS -i iliyo peke yake hudai mkia ufuate, ilhali -i.bak hukubalika pande zote mbili.

Zipo kazi ambazo kitanzi hakiepukiki, kwa mfano unapotaka kulitumia jina la faili lenyewe katika hatua kadhaa. Hapo andika hivi:

    find . -type f -name '*.txt' -print0 |
    while IFS= read -r -d '' faili; do
        printf 'Nasoma: %s\n' "$faili"
    done

Jina la faili kwenye Linux linaweza kubeba baiti yoyote isipokuwa mbili: mkwaju, ambao hutenga folda, na baiti ya sifuri. Kwa kuwa baiti ya sifuri haiwezi kuwa ndani ya jina, ndiyo kitenganishi pekee kisichoweza kukudanganya. -print0 huiweka baada ya kila jina, na -d '' humwambia read asimame hapo tu. IFS= huzuia nafasi za mwanzo na mwisho wa jina zisiliwe, -r huiacha mikwaju ya nyuma ilivyo, na alama za mtajo kuzunguka "$faili" usizisahau hata mara moja. Mtindo huu ulikuwa wa mazoea tu kwa miaka mingi, lakini toleo la POSIX la 2024 limeukubali rasmi, -print0 na read -d vyote viwili.

abiria_wa_kati (Kaliua)

Maelezo ni mazuri, ila naona mnazunguka mbali. Mimi miaka yote nimetumia hii na haijanitupa:

    find . -name '*.txt' | xargs sed -i 's/\bsh\. */TZS /g'

mtunza_stakabadhi (Tabora)

Fundi, asante sana, nimesoma mara mbili na fumbo la "ya" sasa limeniingia. Nimeinakili folda nzima na kuiita kazi, na amri yako ya -exec imepita kwenye nakala hiyo bila kuharibu kitu.

Ndugu wa Kaliua, nimejaribu na yako pia kwenye nakala nyingine. Mbali na nafasi, ambazo xargs (ile inayopokea majina na kuikabidhi amri inayofuata) nayo huzikata kama sheli, imesimamia hapa:

    xargs: unmatched single quote

Nimehangaika robo saa kabla ya kugundua kwamba moja ya folda zetu za mjini inaitwa Ng'ambo. Inaonekana xargs huiona ritifaa kuwa ni mwanzo wa mtajo na hungoja mwenzake ambaye haji.

Nimebakiwa na mambo matatu. Kwanza, nimeshindwa kuiondoa /= kwa sababu nikiandika s//=//g sed inachanganyikiwa na mikwaju, na zaidi ya hapo TZS inatakiwa ije mbele ya namba, si nyuma. Pili, baadhi ya makarani wameandika "Ngambo" bila ritifaa, nami nilitaka kuisahihisha kwa njia hii hii, lakini nikiiweka Ng'ambo ndani ya mtajo mmoja sheli inafikiri nimeufunga mtajo. Tatu, tarehe za mafaili yote zimebadilika kuwa za leo, hata yale ambayo hayakuwa na "sh." ndani yake. Tarehe hizo ndizo hutuonyesha stakabadhi ilichapwa lini, kwa hiyo nisingependa zipotee bila sababu.

abiria_wa_kati (Kaliua)

Nimekubali. Mafaili yangu yote ni ya herufi ndogo na hayana nafasi, kumbe ndiyo yaliyokuwa yananilinda, si amri.

mama_dagaa (Kigoma)

Wanangu, nami niongeze neno, kwa kuwa nimepita njia hiyo nikiwa na daftari za mwalo wa Kibirizi, ambako dagaa na migebuka huandikwa na watu watano kwa mitindo mitano.

Kuhusu mikwaju, sed hailazimishi mkwaju uwe kitenganishi. Alama yoyote inayofuata mara baada ya herufi s ndiyo inayochukua kazi hiyo, kwa hiyo tumia # na mkwaju wako utakuwa herufi ya kawaida. Kuhusu ritifaa, ushauri wangu ni kuziondoa kanuni zako mbele ya macho ya sheli kabisa. Ziandike ndani ya faili lake, tuseme kanuni.sed, kisha uiambie sed izisome kutoka humo kwa -f. Humo ritifaa ni ritifaa tu, na hakuna mtajo wa kufungua wala kufunga. Kwa stakabadhi zako ningeandika hivi:

    s#\b[Tt]?[Ss]h\. *([0-9])#TZS \1#g
    s#(TZS [0-9][0-9,]*)/=#\1#g
    s#\b([0-9][0-9,]*)/=#TZS \1#g
    s#\bNgambo\b#Ng'ambo#g

Mabano hukumbuka kilichopatikana ndani yake, na \1 hukirudisha, na hivyo ndivyo TZS inavyopata kuruka mbele ya namba. Mpangilio wa mistari hiyo si wa bahati. Yuko karani anayeandika "sh. 7,000/=" kwa pamoja, na ukiutanguliza mstari wa tatu utapata "sh. TZS 7,000". Kwa mpangilio huu mstari wa kwanza unaigeuza kuwa "TZS 7,000/=", wa pili unaukata mkia, na wa tatu haukuti kitu. Tena, kwa sababu baada ya mara ya kwanza hakubaki "sh." yenye namba wala /= ya kukamata, ukiziendesha mara mbili kwa bahati mbaya haziongezi TZS juu ya TZS.

Hata hivyo usiziendeshe bado. Hapa ndipo kitanzi cha fundi kinapopata kazi yake, nayo ni kukuonyesha kitakachobadilika kabla hakijabadilika:

    find kazi -type f -name '*.txt' -print0 |
    while IFS= read -r -d '' faili; do
        sed -E -f kanuni.sed "$faili" | diff -u "$faili" -
    done | less

Hakuna -i, kwa hiyo hakuna kinachoandikwa. Kila mstari unaoanza na alama ya kutoa ni wa zamani, wa kujumlisha ni mpya. Isome yote kwa macho yako, hata kama ni ndefu. Mimi niliwahi kuisoma kurasa mbili za mwanzo, nikaona zinapendeza, nikaacha. Kilichoharibika kilikuwa ukurasa wa tisa.

Tarehe zilibadilika kwa sababu sed -i huliandika upya kila faili inalokabidhiwa, liwe na badiliko au lisiwe nalo. Dawa ni kuweka grep, inayotafuta maandishi ndani ya faili, mlangoni, ili faili lisilo na kitu cha kubadilisha lisifike kwa sed:

    find kazi -type f -name '*.txt' \
        -exec grep -qE '[Ss]h\. *[0-9]|[0-9]/=|Ngambo' {} \; \
        -exec sed -E -i.bak -f kanuni.sed {} +

-exec ya kwanza ni sharti: grep ikikuta ndipo find huendelea na ya pili. Angalia kwamba ya kwanza inaishia na \; kwa kuwa jibu linahitajika kwa kila faili peke yake. Ukitaka kurudia zoezi zima, kumbuka pia kwamba .bak za mara ya pili zitazifuta za mara ya kwanza, na asili yako ya kweli itakuwa imepotea. Nakala ya folda nzima ndiyo ngao, .bak ni ya kukupa usingizi tu.

Mawili ya haraka. Ukiweka kihesabio ndani ya kitanzi kilicho baada ya bomba (|), utakikuta sifuri baada ya done, kwa sababu Bash, sheli tunayoitumia, hukiendesha kitanzi hicho katika sheli ndogo ya pembeni, nayo huondoka na hesabu yake; anza na while kisha umalizie kwa done < <(find...). Na kama kuna faili lenye "sh." unazoziona kwa macho lakini grep haizioni, liulize kwa amri ya file. Mafaili mengine ya Windows huhifadhiwa kwa UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi, ambamo kila herufi yetu huambatana na baiti ya sifuri, hivyo s na h hazikai pamoja kama unavyodhani. Yageuze kwanza kwa iconv -f UTF-16 -t UTF-8 ukiandika kwenye faili jipya, wala usimwelekeze mshale kwenye lile lile, maana hilo umekwisha kulionja.

fundi_wa_Mwanga (Kigoma)

Mama amemaliza. Niongeze tu juu ya usafi wa zile takataka kwenye folda ya asili. Hakikisha kwanza kwamba yale yaliyomwagika yote umekwisha kuyarejesha, kwa sababu nayo ni matupu na find haitayatofautisha na "ya". Kisha anza kwa kuangalia:

    find . -type f -empty -print

Ukiridhika, badilisha -print kuwa -delete, pale pale mwishoni. Find husoma masharti yake kutoka kushoto kwenda kulia, na -delete iliyotangulia mbele ya masharti hufuta kila kitu kabla haijafika kwenye neno -empty.

mtunza_stakabadhi (Tabora)

Shikamoo mama, na asante fundi. Nimekaa na ile diff jana usiku kuanzia saa mbili hadi karibu saa tano, na nimeisoma mpaka mwisho kama nilivyoagizwa. Mstari wangu wa mfano umetoka hivi, kama ulivyotakiwa:

    Asali kilo 18 x TZS 7,000 = TZS 126,000

Ng'ambo imerudishiwa ritifaa yake. Mafaili mawili ya Urambo yalikuwa ya UTF-16 kweli, nami nisingeyagundua kamwe, maana yalikuwa kimya kabisa.

Lakini karibu na mwisho kabisa, katika folda ya Uyui, nimekuta hii:

    -Nta kilo 12 = 96,000.00/=
    +Nta kilo 12 = 96,000.TZS 00

Yupo karani mmoja huko, mtu makini kuliko sisi sote, anayeandika na senti. Kanuni ya tatu haikuijua nukta ndani ya namba, ikaanzia pale ilipoweza, kwenye zile sifuri mbili. Nimeongeza nukta ndani ya mabano ya mraba katika mistari ya pili na ya tatu, ikawa [0-9,.]*. Mwanzoni nilisita, nikihofia ile nukta ya "herufi yoyote", lakini nimejaribu na kuona kwamba ndani ya mabano ya mraba nukta ni nukta tu, haihitaji mkwaju wa nyuma. Diff ya pili imetoka safi, "96,000.00/=" imekuwa "TZS 96,000.00", na leo asubuhi nimeiendesha amri yenye grep mlangoni. Mafaili ambayo hayakuwa na bei yamebaki na tarehe zake.

Faili la "ya" nimelifuta kwa mkono, peke yake, kabla ya yale mengine.